Coaster ilichemsha Kitonga: tung'oe thamosteti?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi na mzee wangu tumestaafu na tunaishi Kigamboni. Tulinunua Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ tukaigeuza nyumba ya kutembea nayo: kitanda, jiko la gesi, friji, tanki la maji la lita 300. Kwa kuwa hatusafiri kila mara, kila Jumamosi mzee huiwasha dakika kumi ili oili izunguke na betri zijae, kisha huizima. Desemba tulikwenda Iringa. Pale kwenye mlima wa Kitonga mshale wa joto ulipanda hadi karibu na mwekundu, tukaegesha pembeni na kuzima injini papo hapo, maji yakamwagika. Fundi wa mtaani kwetu anasema dawa ni kung'oa thamosteti, eti kwa joto la Dar haina kazi. Siku hizi asubuhi gari linawaka kwa taabu na kutoa moshi mweupe. Mwezi wa saba tunataka kwenda Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Tufanye nini?

Jibu: Shikamoo mama, na salamu zangu kwa mzee. Thamosteti msiing'oe. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo linaloweza kufanyika leo jioni kwa spana moja, na likishafanyika wengi hawarudi nyuma.

Thamosteti ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake na kurudi kwenye pampu kwa njia ya mkato, bila kufika kwenye rejeta. Joto likifika kati ya nyuzi 76 na 82, kutegemea namba iliyochapwa juu yake, nta iliyomo ndani inayeyuka, inatanuka na kuusukuma mlango ufunguke. Hapo ndipo kuna jambo ambalo fundi wenu amelisahau. Thamosteti za Toyota za aina hii zina kisahani cha pili upande wa chini, na mlango wa rejeta unapofunguka, kisahani hicho kinaiziba ile njia ya mkato. Mkiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Sehemu ya maji ya moto itakuwa inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Matokeo yake injini itakuwa baridi kupita kiasi kwenye tambarare za Chalinze, na Kitonga itachemka mapema zaidi kuliko Desemba. Na injini ya dizeli inayotembea baridi inachoma mafuta vibaya, inajaza masizi na kulainisha oili kwa dizeli isiyoungua.

Kama mnaishuku, itoeni, muining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mpashe polepole na kutazama inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Isipofunguka, au ikifunguka nusu, nunueni mpya. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda.

Tukitaja hedi, mama, hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya safari, lazima tujue kama injini iliumia siku ile. Kuzima injini iliyochemka papo hapo ni jambo ambalo kila mtu angelifanya kwa hofu, ila lina gharama. Pampu ya maji inasimama, feni inasimama, lakini chuma kilichozunguka valvu bado kina joto lote lile na hakuna maji yanayopita kulichukua. Joto linapanda zaidi kwa dakika kadhaa baada ya ukimya. Hedi inaweza kupinda kidogo, gasketi inayoziba chini yake ikaachia, na hedi za 1HZ zikipashwa kupita kiasi zinajulikana kwa kupata nyufa karibu na valvu na vile vichemba vidogo ambamo dizeli huanzia kuungua.

Ndiyo maana moshi wenu mweupe wa asubuhi sitaki kuupuuza. Una sababu mbili zinazofanana machoni na kutofautiana puani. Moshi unaonuka dizeli mbichi na kuchoma macho, unaokatika baada ya dakika mbili tatu, ni dizeli isiyoungua: hita plagi, zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, zimekufa, au nozeli zinatonesha badala ya kunyunyiza. Moshi ulio mvuke, wenye harufu tamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), unaoendelea hata injini ikishapata moto huku maji kwenye rejeta yakipungua bila kuvuja popote, ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Jaribio la nyumbani ni hili. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, bonyezeni hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kama vile gari limetoka safarini, kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Kisha fungueni kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi bado, washeni na kutazama: mapovu machache mwanzoni ni hewa, mapovu yasiyokatika ni habari mbaya. Chomoeni kijiti cha oili, na kama oili ina rangi ya chai ya maziwa, gari lisiondoke. Utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake usiwatishe. Kwa tabia yenu ya Jumamosi ningeshangaa usingekuwepo, na nitaufikia. Gereji inayojiheshimu ina pia kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta: gesi ya silinda ikipita humo, buluu inageuka kijani au njano. Kifanyeni hicho hata kama mengine yote yameonekana salama.

Tuseme hedi ni nzima. Basi kwa nini lilichemsha?

Anzeni na kifuniko cha rejeta, kitu ambacho watu hukinunua kwa kuangalia kama kinaenea tu. Kazi yake ni kushikilia mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Maji yaliyo wazi hapa pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 kinayapeleka maji hayohayo hadi juu ya nyuzi 115 kabla hayajachemka. Mpira wa kifuniko ukipasuka, mnapoteza hiyo akiba yote, na injini inatapika maji kwenye joto ambalo ingelivumilia bila shida. Maji yakishatoka, hewa inachukua nafasi yake, na kama kihisi cha joto kimebaki hewani mshale unaweza hata kushuka. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, msifurahi. Egesheni.

Kisha maji yenyewe. Visima vingi vya Kigamboni vina chumvi, na mtu akiongezea rejeta kwa ndoo ya kisimani kila wiki, chumvi na chokaa vinabaki ndani hata maji yakikauka. Mirija ya rejeta inaziba kuanzia chini, mahali ambapo hamuoni. Nawashauri kumwaga yote, kusafisha mfumo kwa maji mengi mpaka yatoke safi, na kujaza kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Dukani ombeni maji ya betri yale ya kuongezea, yasiyo na asidi, na msome chupa kwa macho yenu, kwa sababu asidi nayo huuzwa kwa jina hilohilo. Mtu atawaambia kulanti ni ya nchi za barafu. Dar haitawahi kuganda, sawa, lakini kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, na pampu ya maji inadumu zaidi nayo. Ibadilisheni kila baada ya miaka miwili.

Nje ya rejeta, tazameni kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, kama mnayo. Hapo hukusanyika nzige, mbegu za majani na vumbi, yanashikana na kuwa blanketi, na kutoka mbele hayaonekani. Kwa gari linalolala karibu na bahari ongezeni chumvi ya upepo inayokula mapezi ya rejeta hadi yanabomoka kwa kidole. Osheni kwa mpira wa maji wa kawaida, kutokea upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari italaza mapezi yote. Na kama waliowatengenezea gari walifunga kreti, taa kubwa au kitu kingine chochote mbele ya pua ya gari, kihamisheni. Nimeona Coaster iliyofungiwa boksi la vifaa mahali hewa inapoingilia, kisha mwenyewe akabadilisha rejeta.

Feni iangaliwe pia. Ikiwa ni ile ya kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni, injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungusheni kwa mkono: inatakiwa ikaze. Ikizunguka kwa wepesi yenyewe, kiungo kimekwisha. Mkiwa mlimani feni nzima mnaisikia ikiunguruma. Ukimya wa feni wakati mshale unapanda ni dalili tosha.

Uzito sasa. Lita 300 za maji ni kilo 300. Ongezeni friji, mbao za makabati, mitungi ya gesi, godoro na vyombo. 1HZ ni injini ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo ya kuisukumia hewa. Ni ngumu na mvumilivu, ila nguvu zake ni farasi 130 hivi, basi. Kila kilo inayopanda mlima inalipiwa kwa dizeli, na sehemu kubwa ya dizeli hiyo inageuka joto ambalo rejeta inapaswa kulitupa nje. Mtapita mizani ya Vigwaza hata hivyo, maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka magari ya kuanzia kilo 3,500 yapimwe. Msiichukulie kama usumbufu wa barabarani. Ombeni namba za kila ekseli, muzilinganishe na zile zilizo kwenye kibati cha gari. Kama mmezidi, tatizo la joto halitaishia Kitonga, na breki ndizo zitakazofuata.

Halafu uendeshaji, ambao pengine ulichangia nusu ya yaliyowapata. Fikirieni njia yenyewe. Mkitoka Dar alfajiri, mnapita Morogoro, mnavuka Mikumi polepole kwa sheria ya hifadhi, mnateremka kwenye bonde la Ruaha Mbuyuni lenye mibuyu na joto la kukausha koo, na hapo ni saa saba au saa nane mchana. Mnaianza Kitonga saa mbaya kuliko zote, kila kitu chini ya gari kikiwa kimeshapata moto. Dereva wa basi hana hiari. Nyinyi mna kitanda. Laleni Mikumi au Ruaha Mbuyuni, mpande Kitonga kabla jua halijakaza. Hakuna rejeta ya kununua Gerezani itakayowasaidia kama kubadilisha saa ya kupanda.

Mkiuanza mlima, shusheni gia mapema, kabla injini haijaanza kulalamika. Nguvu kubwa ya kuvuta ya 1HZ iko kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika, kwa hiyo iacheni izunguke kati ya hapo na 3,000 kwa gia ndogo, mguu ukiwa nusu. Kosa la madereva wengi ni kung'ang'ania gia kubwa na kukanyaga hadi sakafuni. Pampu ya dizeli inamimina mafuta yote iliyonayo, injini inazunguka taratibu, pampu ya maji na feni vinazunguka taratibu vilevile, na moshi mweusi unatoka nyuma. Mnatengeneza joto jingi kabisa kwa upoozaji mdogo kabisa. Malori yatawapita, yaacheni yapite, haidhuru.

Mshale ukipita mahali pake pa kawaida, punguzeni mguu, shusheni gia, zimeni kiyoyozi, kisha washeni hita ya ndani kwenye joto la mwisho na feni yake yote. Ndiyo, mtaloa jasho. Lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na mara nyingi inatosha kumaliza kona zilizobaki. Mshale ukiendelea kupanda, tafuteni mahali pa wazi, wekeni pembetatu mbali nyuma ya gari, na injini msiizime. Iacheni izunguke kidogo juu ya kawaida, kama mizunguko 1,200, mpaka mshale urudi. Hali moja tu inataka izimwe mara moja: hozi imepasuka au maji yanamwagika, kwa sababu hapo hakuna kinachozunguka cha kupooza. Kifuniko msikiguse kabla ya nusu saa, na hata baada ya hapo mkifungue kwa kitambaa kinene, robo mzunguko kwanza. Maji baridi msiyamwage kwenye injini ya moto. Hedi iliyopona inaweza kupasukia hapo.

Kuteremka kuna sheria yake: gia ile ambayo ungepandia. Msiweke fri, yaani gari bila gia, hata mara moja. Wapo wanaoamini kwamba fri inaokoa mafuta, na kwa dizeli ni kinyume, maana gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka, pampu inakata mafuta kabisa, wakati kwenye fri injini inaendelea kunywa. Injini ya dizeli haizuii gari kwa nguvu sana, kwa hiyo ingieni mteremko polepole tangu juu, mkanyage breki kwa vipindi, na mtazame mshale wa mizunguko usifike mwekundu. Mteremko unaweza kuizungusha injini kupita uwezo wake hata mguu ukiwa nje ya mafuta.

Haya, Jumamosi za mzee. Najua anafanya kwa mapenzi, ila dakika kumi hizo ni mbaya kuliko kuliacha gari limezimwa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inaibana hewa zaidi ya mara 22 mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta. Ikiunguruma bila mzigo, inapewa mafuta kidogo sana, kuta za silinda hazipati joto la kutosha, na sehemu ya dizeli inateremka pembeni ya pistoni na kuingia kwenye oili. Mvuke unaotokana na kuungua unapoa na kuwa matone ya maji ndani ya injini, na kwa unyevu wa Kigamboni ndio ule utando mweupe chini ya kifuniko. Nozeli zinapata masizi, ringi za pistoni zinaanza kunata. Na betri? Hita plagi na stata vimekula umeme mwingi kwa sekunde chache, na alteneta kwenye mizunguko ya chini inaweza isiurudishe wote ndani ya dakika kumi. Kila Jumamosi huenda mzee anatoa zaidi ya anachoweka.

Badala yake, mara moja kwa mwezi litoeni gari barabarani. Piteni Kibada, Kongowe, mshike njia ya Kilwa hadi Mkuranga na kurudi. Mshale ukishafika mahali pake, ukae hapo angalau nusu saa, na sehemu moja ya safari mlipe gari kazi ya kweli kwenye gia inayolifaa. Oili ikipata moto sawasawa, maji na sehemu ya dizeli vinaondoka. Breki zinajisugua, matairi yanageuka, alteneta inafanya kazi. Kama mwezi fulani hamtoki, liacheni. Miezi miwili mitatu ya ukimya, betri zikiwa zimekatwa na tanki limejaa, haiui injini.

Tanki lijae kwa sababu hewa ya pwani ina maji. Tanki lililo nusu linavuta hewa usiku na mchana, unyevu unajishika kwenye kuta za chuma na kuteremka chini ya dizeli, na kwenye mpaka wa maji na dizeli kuna vijidudu na ukungu vinavyostawi na kutengeneza utelezi mweusi unaoziba chujio. Pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Maji yakiipitia, chuma kinakwaruza chuma. Mafuta ya taa yanafanya vivyo hivyo, ndiyo maana dizeli ya chupa za kando ya barabara, inayoweza kuwa imechanganywa nayo, hata mkiwa mmekwama, ni ya kuogopa. Nunueni kituo chenye malori mengi, chukueni risiti. Kila mwezi, na siku moja kabla ya safari, legezeni skrubu chini ya kitenganishi cha maji, mkinge kwa chupa ya kioo, mpampu kwa mkono mpaka itoke dizeli safi. Mkiona tabaka mbili kwenye chupa, endeleeni.

Oili ibadilisheni sasa hivi bila kuangalia kilometa, kwa sababu ya hizo Jumamosi. Nuseni kijiti: kikinuka dizeli, au kiwango kikiwa kimepanda badala ya kushuka, hilo ni baya kuliko injini inayokula oili. Wekeni 15W-40 ya injini za dizeli, daraja la CI-4 linatosha, na chujio jipya. Baadaye kila kilometa 5,000 au miezi sita, kimoja kitakachotangulia. Itakuwa nyeusi siku ya pili, ndivyo dizeli zilivyo. Oili bandia zipo nyingi mjini, kwa hiyo nunueni kwa wakala na mkague muhuri.

Mkanda wa taiming, ule unaozipangia valvu wakati wa kufunguka: kama hamna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, ubadilisheni pamoja na ruli yake. Kiwango ni kilometa 100,000, lakini namba ya kilometa kwenye gari lililotumika nje si ya kuapia. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Sina la kuongeza hapo.

Kuwaka kwa taabu nakuhusisha na jambo ambalo hamkuliuliza. Coaster nyingi za 1HZ zina umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Waliowafungia friji na taa za volti 12 walichukua umeme wapi? Mafundi wengi wanachomeka kwenye betri moja kati ya mbili. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Lakini betri moja inanyonywa kila usiku na nyingine hainyonywi, na alteneta inazichaji zote kana kwamba ziko sawa. Ile iliyojaa inachemshwa, ile iliyonyonywa haijai kamwe, na baada ya miezi zote mbili zimekufa. Pimeni kila betri peke yake asubuhi kabla ya kuwasha. Zikitofautiana zaidi ya sehemu chache za volti, jibu mnalo. Wekeni kibadilishi cha volti 24 kwenda 12, au bora zaidi, betri ya nyumba peke yake na paneli ya sola juu ya paa, isiyogusana kabisa na betri za kuwashia. Hita plagi nazo zipimwe moja moja, na ziwe za volti zinazotakiwa na gari lenu. Dukani za 12 na za 24 zinafanana. Hata kwa joto la Dar, subirini taa ya hita izime kabla ya kupiga stata. Na fundi akija na kopo la kupulizia kwenye mdomo wa hewa ili injini iwake, mwambieni aondoke nalo. Gesi ile ikikutana na hita plagi iliyo moto inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni huvunjika hivyo.

Mzee asishawishike pia kuacha injini ikiunguruma usiku ili kiyoyozi kifanye kazi. Mbali na uharibifu niliokwisha kuueleza, moshi unapanda na kuingia kwa upenyo wowote wa sakafu iliyotobolewa kupitisha mabomba ya sinki. Watu hawaamki.

Kuhusu Matema, baada ya Uyole, pale Mbeya, barabara ya Tukuyu inapita juu ya meta 2,000 kabla ya kuteremka hadi ziwani, chini ya meta 500. Huko juu hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo inakosa pumzi, kwa hiyo moshi mweusi kidogo na uvivu si ugonjwa. Punguzeni mguu tu, na chujio la hewa liwe jipya. Ule mteremko wa kwenda Kyela ni mrefu kuliko Kitonga, na breki ziangaliwe Mbeya kabla hamjauanza. Tanki la maji liondoke Dar likiwa na lita 40 za kunywea na kupikia. Mengine jazeni Iringa mkishapanda, mmwage tena Uyole.